Macho Tisa ya Gari la Mkurugenzi

Jumatatu, 6 Oktoba 1980

Papa Polycarpe amestaafu! Macho yamemwishia. Wiki iliyopita alisimamisha gari katikati ya barabara ili ampishe padri, kumbe ni mbuzi mweusi. Kwa hiyo kiti cha shoferi wa Mkurugenzi kiko wazi, na mimi nimekingoja miaka kumi na moja nikiwa nimefungiwa bohari pamoja na masanduku ya chai.

Si kiti tu. Kinakuja na nyumba ya kampuni kule Muhumba, na uani kwake kuna bomba. Bomba la peke yako! Hapa Kadutu familia kumi na nne tunagombania bomba moja, na mke wangu Domitille huamka jogoo wakiwa bado wamelala ili akapange ndoo zake kwenye foleni. Nimemwambia avumilie kidogo. Akasema anavumilia tangu siku ya harusi.

Mkurugenzi ametuita ofisini watu wawili: mimi na Placide, fundi wetu wa magari. Amesema nitaendesha kwa majaribio wiki mbili. Jumamosi ya tarehe 18 nitampeleka uwanja wa ndege wa Kavumu kumpokea mkubwa wa kampuni anayekuja kutoka Kinshasa. Mambo yakienda vizuri, kazi na nyumba ni vyangu. Yakiharibika, ni vya Placide.

Placide akasema kwa sauti ya upole kwamba yeye kazi hiyo haitaki, amezoea vyuma vyake. Haitaki! Nani katika mji huu wa Bukavu hataki nyumba yenye bomba? Papo hapo nikajua nina adui.

Halafu Mkurugenzi akaamua kwamba adui huyo ndiye atakayenifundisha gari.

Jumanne, 7 Oktoba

Gari ni jipya kabisa, viti bado vina plastiki. Limetoka Japani, kwa hiyo kazini tunaliita Mjapani. Nimeketi mbele ya usukani nikaangalia ule ubao wa mbele, ambao Placide anauita tablo. Nikashtuka. Mishale mitatu, vitufe saba, na taa ndogo tisa zimenikodolea macho.

Leseni yangu niliipata mwaka 1967 kwa jeep ya misheni. Jeep ile ilikuwa na mshale mmoja, nao ulikuwa umekufa. Tulielewana vizuri sana. Kama gari lilikuwa na shida, lilisimama, nasi tukateremka.

Placide akazungusha ufunguo. Taa zote zikawaka mara moja! Akaniambia ni kawaida, zinawaka ili nijue ni nzima, kisha zinazimika zenyewe. Nimelifikiria neno hilo mchana kutwa. Kitu kinawaka ili kikuambie kitazimika? Hapana. Ile ni kuitana majina, kama askari gendarmes asubuhi. Zinahakikisha kila moja iko kazini, ndipo zinajificha kukuvizia.

Akaendelea. Nyekundu yenye alama ya birika ni ya mafuta ya injini. Nyekundu nyingine ni ya breki ya mkono. Ya bluu ni ya taa kubwa za mbele. Mshale wa kushoto ni mwendo, wa katikati ni mafuta ya gari, wa kulia ni joto la maji. Ukipanda hadi kwenye nyekundu, nisimame. Nikatikisa kichwa kwa kila neno. Jioni nikaandika katika daftari hili yote aliyosema, na pembeni nikaandika ukweli wenyewe: mtu anayetaka kiti chako hawezi kukuonyesha jinsi ya kukikalia. Basi kila atakalosema nitaligeuza.

Daftari nalificha ndani ya gunia la maharagwe. Ofisini naitwa citoyen Cirimwami, kwa sababu majina ya ubatizo yamekatazwa. Humu ndani bado mimi ni Adalbert, na sitaki mtu ajue.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimejaribu dawa yangu. Kuna kitufe chenye pembe tatu nyekundu. Placide aliniambia nisikiguse isipokuwa nimekwama mahali pa hatari. Nikacheka moyoni. Bila shaka ndicho kitufe kizuri kuliko vyote!

Nilikuwa natoka kumnunulia mke wa Mkurugenzi kabichi sokoni Nyawera. Nikakibonyeza. Tik, tak, tik, tak. Taa nne za pembeni zikaanza kuwaka na kuzimika kwa pamoja, mbele na nyuma. Uzuri wa ajabu!

Kisha soko likabadilika. Wapagazi walitua mizigo. Mtu mmoja akavua kofia. Wamama wa kikundi cha animation, kile cha kuwaimbia wakubwa, ambao kila wakisikia mgeni wa Leta, yaani wa serikali, anapita hupangwa kando ya barabara, wakatupa mihogo yao chini wakaanza kupiga makofi na kuimba. Nikapunguza mwendo kwa heshima. Nikainua mkono. Kusema kweli, nilijisikia vizuri sana.

Mwenyekiti wa mtaa akaja mbio, anafunga vifungo vya abacost yake, lile koti lisilovaliwa na tai, huku anakimbia, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili. Akafungua mlango wa nyuma akiwa ameinama. Akakuta gunia la kabichi.

Ameniuliza maswali mengi. Jina, kazi, nani kanituma, na kama najua maana ya kudanganya raia wanaoshangilia. Nikajibu kwamba gari lenyewe ndilo lililoanza. Wamama hawakuwa na furaha, mihogo yao ilikuwa imekanyagwa. Nilikizima kitufe baada ya kujaribu vingine vyote sita. Kioo cha nyuma kikawa cha moto, vifagio vya kioo vikacheza bila mvua.

Nimejiuliza: mwenyekiti alifikaje haraka hivyo? Lazima Placide alimwambia mapema. Alinikataza kitufe akijua nitakibonyeza. Huyu mtu ana akili ya kutisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Watu wote wa kampuni tumechimba mfereji mbele ya ofisi tangu asubuhi. Placide akaja na jembe lake akasimama kando yangu, kati ya watu arobaini! Akaniuliza kwa nini Mjapani anatoa moshi mweusi. Kisha akaniuliza, kwa ule upole wake, kama ninakumbuka kurudisha ndani kile kifundo cha starter, kinachovutwa ili kuwasha injini iliyopoa, injini ikishapata moto.

Kifundo hicho mimi nimekivuta hadi mwisho tangu Jumatano. Kinafaa sana kutundikia kofia. Nikamwambia nakumbuka. Akaacha jembe, akaenda kwenye gari, akatoa kofia yangu, akakisukuma ndani, akaipanguza kofia vumbi na kuniletea. Watu wakacheka.

Ndiyo mchezo wake. Ananitendea wema mbele ya mashahidi.

Jumanne, 14 Oktoba

Sasa ameonyesha kucha. Asubuhi aliinua kapo, kile kifuniko cha injini, akapitisha kidole chini ya mpira mmoja wa maji, kidole kikatoka na unyevu. Akasema mpira umeanza kuvuja, tone kwa tone. Mpira mpya utafika kutoka Bujumbura Jumatatu ijayo. Mpaka hapo, kila asubuhi niongeze maji, na njiani nisiache kuangalia ule mshale wa joto. Ukikaribia nyekundu, nisimame, nisubiri injini ipoe, na nisifungue kifuniko cha radiata ingali na moto. Akanipa bidoni la maji niliweke nyuma ya gari.

Nimeona yote. Kwanza, gari lina wiki tano, linavujaje? Pili, anataka nisimame njiani, nimcheleweshe Mkurugenzi mbele ya ndege. Tatu, bidoni! Niende kumpokea mkubwa wa Kinshasa nikiwa nimebeba bidoni la manjano kama muuza pombe ya kasiksi? Nimelitoa nikalificha bohari, nyuma ya masanduku. Maji sikuongeza. Naogopa aliyoyaandaa.

Kuna jambo baya zaidi. Jioni nikimrudisha Mkurugenzi nyumbani, nilimwona kwenye kioo. Ameinama mbele anachungulia tablo juu ya bega langu! Akauliza kama ule mshale wa kulia huwa pale siku zote. Nikasema huo ni mshale wa saa. Akaangalia saa yake ya mkononi.

Kwa hiyo Placide ameshamwambia. Tablo inanichongea, na Mkurugenzi anaisoma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimepata dawa! Na imetoka nyumbani kwangu mwenyewe.

Juzi usiku nilikuwa nimekaa sebuleni, naangalia redio yetu. Redio ina kitambaa chake, kama ilivyo katika kila nyumba ya watu wenye heshima. Viti vina vitambaa. Meza ina kitambaa. Hata lile sanduku la nguo lina kitambaa. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Sasa Mjapani ana tablo ya thamani kuliko redio mia, na iko uchi!

Nikamwomba Domitille afume kitambaa cha gari, kirefu, kiteremke vizuri mbele ya mishale. Amefuma siku mbili, cheupe chenye maua ya rangi ya chungwa, na katikati ameandika MUNGU ANAONA. Ni kazi nzuri kabisa. Aliniuliza kama shoferi hahitaji kuona vile vilivyo chini yake. Nikamwambia shoferi wa kweli anaangalia barabara. Akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu:

"Papa Clémence, ule Placide alipitaka hapa jana. Aliniuliza kama unawekaka mayi mu gari. Nilimujibu sijue. Uko naweka?"

Amefika mpaka nyumbani kwangu! Nikamwambia asimfungulie tena mlango.

Leo asubuhi nimekitandika na kukibana kwa pini kumi. Mishale yote imefunikwa, taa zote tisa zimefunikwa. Kwa mara ya kwanza niliendesha bila kutazamwa. Mkurugenzi alifurahi! Alikigusa, akasema hata Kinshasa mawaziri hawana kitu kama hicho. Akaniambia nikae tayari kuhamia Muhumba mwezi ujao. Nilitaka kulia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Tuliondoka saa mbili na nusu, ndege inatua saa nne. Mimi na abacost iliyopigwa pasi, Mkurugenzi nyuma na pafyumu. Lori la kampuni lilikuwa linakuja nyuma yetu na chai ya kusafirishwa kwa ndege. Placide ndiye aliyeliendesha, kwa sababu shoferi wa lori eti ana malaria. Eti!

Kuteremka kulikuwa kuzuri. Kisha tukaanza kupanda. Mkurugenzi akauliza ni harufu gani. Nikasema watu wa huku wanachoma majani ya migomba. Baada ya kilima cha pili akauliza kwa nini kitambaa kinang'aa. Nikaangalia. Ua moja la rangi ya chungwa, upande wa kulia, lilikuwa limegeuka jekundu. Kuna taa chini yake, imewaka! Inanitafuta hata chini ya kitambaa! Nikaongeza pini.

Placide kule nyuma alianza kupiga honi. Anapiga, anawasha taa, anatoa mkono dirishani. Nikaelewa: anataka kunipita, afike Kavumu wa kwanza. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho.

Tukafika Mudaka. Moshi mweupe ukatoka mbele, mwingi, barabara ikapotea. Injini ikakohoa mara tatu, ikanyamaza katikati ya soko la ndizi.

Nilibaki na akili zangu. Nikakumbuka maneno ya Placide: nisifungue kifuniko cha radiata ingali na moto. Basi ndilo jambo la kufanya! Nikainua kapo, nikashika kifuniko kwa leso, nikakizungusha. Sitaki kueleza sana. Maji yenye kutu yaliruka juu kuliko paa, yakanichoma mkono, yakamshukia Mkurugenzi aliyekuwa amekuja kuangalia. Abacost yake ilikuwa ya rangi ya maziwa.

Mama mmoja mkulima, maman Euphrasie, alikuja na beseni la maji ya kulowekea nguo zake, akautia mkono wangu humo, akaushikilia kwa nguvu. Aliniuliza kwa nini nimefungua chungu kinachochemka. Nikamwambia ni mambo ya ufundi.

Placide akateremka kwenye lori. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Akainua kitambaa, akaangalia mishale, akakirudisha taratibu. Mkurugenzi, anadondosha maji, akauliza kosa ni la nani. Mimi nikafungua mdomo nimtaje. Placide akanitangulia:

"Citoyen Directeur, faute ni yangu. Tuyau ilikuwa navuja, mi nilijua. Sikustahili kuacha gari itoke."

Mkurugenzi akapanda lori, akakaa kati ya chai na sanduku la vyuma, wakaenda. Walirudi saa sita. Mkubwa wa Kinshasa alikuwa kwenye kiti cha lori, sanduku lake mapajani, uso umekunjamana. Placide akajaza Mjapani maji, akafunga mpira kwa kipande cha tairi la baiskeli, gari likawaka, akanionyesha kwa kidole mshale ukirudi chini. Nikaangalia kidole, sikuangalia mshale.

Usiku mzima nitafikiria. Mtu anabeba kosa lisilo lake. Kwa nini?

Jumatatu, 20 Oktoba

Mkurugenzi ameniita saa tatu. Nikavaa kama mtu anayekwenda kufukuzwa. Placide alikuwa amesimama kwenye kona.

Juu ya meza kulikuwa na funguo mbili. Mkurugenzi akasema ametafakari. Fundi amekiri kosa lake kwa mdomo wake, shoferi hawezi kuadhibiwa kwa mpira uliovuja. Tena fundi ameniombea sana. Mkubwa wa Kinshasa ameshaondoka, hasira zimepoa. Ufunguo mmoja ni wa gari, wa pili ni wa nyumba ya Muhumba. Nichukue.

Bomba uani! Niliuona mkono wangu mzima unajisogeza. Kisha nikamwangalia Placide, naye akasema pole pole:

"Kamata, tonton. Maman Clémence anachoka na mayi ya ku foleni. Mi niko peke yangu, nyumba ya nini?"

Hapo taa ikaniwakia kichwani! Tangu mwanzo amekuwa akinisukuma kwenye kiti hiki. Amenifundisha bila kuombwa. Amenipa bidoni. Amebeba kosa langu. Sasa ananipa nyumba na kunibembeleza niichukue! Hakuna mtu duniani anayefanya hivyo bure. Kuna jambo ndani ya nyumba ile, au chini ya gari, ama vyote viwili. Leo mpira, kesho breki.

Nikarudisha mkono nyuma. Nikamwambia Mkurugenzi kwamba nashukuru sana, lakini nimependelea kubaki bohari. Akaniuliza kama nimesikia vizuri. Nikasema nimesikia vizuri. Akauliza tena, halafu mara ya tatu, akinisogezea funguo kwa kidole. Nikakataa mara tatu. Placide aliangalia chini. Niliuona uso wake: umevunjika kabisa. Mtego ulibaki mtupu!

Nilirudi bohari nikipiga mluzi. Domitille sijamwambia bado.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nilikuwa na haki! Nilikuwa na haki tangu siku ya kwanza!

Mkurugenzi amempa Placide kazi. Eti amelazimishwa, eti hakuna mwingine anayejua Mjapani. Jana amehamia Muhumba na godoro lake na masanduku mawili ya vyuma. Yule asiyetaka! Niliandika humu tarehe 6 kwamba anakitaka kiti, na sasa amekikalia. Nani tena atasema mimi ni mtu wa kushuku ovyo?

Domitille alipata habari kwa jirani, kwa maneno ya watu wa kazini, funguo mbili mezani na kila kitu. Aliingia, akaketi kwenye kiti mbele yangu. Nikamweleza mpango wote wa Placide, hatua kwa hatua, na jinsi nilivyomshinda. Akasikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo ananiwekea chakula mezani na kwenda kukaa nje.

Jana jioni Placide alimtuma mtu kusema maman Clémence aje kuteka maji Muhumba saa yoyote apendayo, uani hakuna foleni. Nimemkataza kabisa. Leo asubuhi amekwenda. Amerudi jua limeshachomoza, amelala usingizi wa kutosha, ndoo zote mbili zimejaa, maji meupe kabisa, hata chembe ya udongo haimo. Nimeyanusa. Nimeyaangalia kwenye mwanga. Hayana harufu yoyote, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimekataa kuyanywa. Sasa ni jioni na kiu imenikaba koo, lakini hawanipati ng'o.